Leseni ya Sauti ya Dada

Mimi subira sina, na sijawahi kuficha. Mteja akianza kunihadithia kompyuta yake ilivyoanza kuugua, mimi nishafungua skrubu ya tatu. Na yale makubaliano marefu yanayotokea kwenye kioo kabla programu haijaingia, kwa miaka kumi na saba ya ufundi sikuwahi kuyasoma hata ukurasa mmoja. Nashuka mpaka chini, nabonyeza Nakubali, maisha yanaendelea. Nani ana muda huo?

Dada yangu anao. Yeye alikuwa msahihishaji kwenye kiwanda cha uchapaji, kazi yake kusoma kila ukurasa kabla haujaenda mashineni, na wenzake walimwita Bi Nukta kwa sababu hakuna nukta iliyopotea mikononi mwake. Mimi aliniita Chapuchapu tangu nikiwa navaa viatu upande upande kwa haraka ya kutoka nje, na jina likanifuata mpaka kwenye kibao cha duka langu. Marehemu mama alikuwa akitutazama tukigombana, anatikisa kichwa, anasema hata hajui kama sisi ni wa tumbo moja.

Miaka minne iliyopita Dada alipata uvimbe kooni. Daktari hakumzungusha: tukiutoa, sauti inaondoka nao. Basi kabla ya upasuaji akajifungia chumbani wiki mbili, anaisomea kompyuta sentensi zaidi ya elfu moja, za furaha, za hasira, za kuuliza, za kukataa. Programu ikazichukua ikamtengenezea sauti. Sauti yake yeye, si ya roboti. Tangu siku ile akitaka kusema jambo anaandika, anabonyeza, na kompyuta inaongea kwa sauti ya Dada, ileile yenye mkwaruzo kidogo mwishoni mwa neno. Ndiyo sauti pekee aliyobaki nayo. Kurekodi tena haiwezekani, koo lenyewe halipo.

Tatizo lake ni moja tu, anaandika polepole mno. Anatafuta herufi, anarudi nyuma, anaweka mkato, anautoa. Mimi nikishaona maneno mawili nishajua anakoelekea, namjibu kabla hajabonyeza. Hapo ananitazama, anafuta alichoandika. Nilikuwa nikidhani namsaidia.

Sasa, mwezi mmoja kampuni ya ile programu ya sauti ikamtumia taarifa: kuanzia mwezi ujao programu haitafanya kazi kwenye mfumo wa zamani wa kompyuta. Apandishe mfumo, au anyamaze. Hawakusema hivyo, lakini ndivyo alivyoielewa, na ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi nikamkuta mlangoni mwa duka hata kufuli sijalifungua, kompyuta kaikumbatia kifuani.

"Shikamoo Dada. Usiogope, mfumo umezeeka tu," nikamwambia nikimsogezea kiti. "Tunapandisha, tunamaliza."

Akaandika, akabonyeza. Kompyuta ikasema: "Kwa leseni ipi?"

"Leseni ni leseni bwana."

"Si kweli. Nimesoma. Ziko aina aina. Niambie yangu ni ipi."

Haya. Nikaigeuza kompyuta nikamwonyesha kibandiko kilichofifia tumboni mwake. "Hii leseni ya mfumo ilizaliwa na mashine hii. Itaishi nayo na itakufa nayo, huwezi kuihamishia kwenye kompyuta nyingine. Ila mashine yako bado ina nguvu, kwa hiyo leseni hiihii inakuruhusu kupanda toleo jipya. Kuna aina nyingine unainunua yenyewe. Hiyo unaweza kuitoa hapa ukaipeleka kule, mradi ikae kwenye mashine moja kwa wakati. Ya tatu ni ya maofisi. Kampuni inapewa namba moja, inaitumia kwenye mashine zake zote."

Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akainua kidole akaelekeza ukutani, kwenye karatasi niliyoibandika juu ya meza. "Na ile namba?"

Jamani, huyu mtu na macho yake! Ile namba nilipewa na fundi mwenzangu, na niliwawekea wateja kibao. "Hiyo ni ya ofisi," nikasema.

"Ofisi ya nani?"

"Ya watu tu, Dada."

"Umeajiriwa nao?"

"Sijaajiriwa nao."

"Basi mimi usiniwekee. Nataka iliyo yangu."

Nikacheka, nikamwambia sawa. Nikamweleza njia mbili. Ya kwanza ni kupandisha mfumo juu kwa juu, mafaili na programu zikibaki mahali pake. Hiyo inakula saa nne au tano. Ya pili ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Hiyo dakika arobaini. Hakufikiri mara mbili. "Juu kwa juu," kompyuta ikasema. Kisha akatoa mkobani bunda la karatasi zilizobanwa kwa pini. Alikuwa amechapisha makubaliano yote ya programu ya sauti, kurasa thelathini na moja, na kalamu nyekundu kaichomeka katikati. "Nina miadi ya koo kliniki. Nimebakiza kurasa kumi na mbili, nitazisomea kwenye foleni. Usiiguse mpaka nirudi."

Akaniachia kompyuta, akaondoka na karatasi zake na kile kijidaftari anachoandikia akiwa njiani.

Nilivumilia kama nusu saa. Wateja watatu wamesimama, mmoja anagonga meza kwa funguo za gari, na ile kompyuta imekaa pale inanitazama. Nikajisemea, hivi huyu Dada anasoma nini? Mashine nzee kama hii ukiipandisha juu kwa juu inabaki na takataka zake zote. Nikiifuta atarudi aikute nyepesi, imekwisha, atafurahi. Nikanakili mafaili yake kwenye diski ya pembeni, na lile faili la sauti nikalinakili mara mbili, maana mjinga mimi si mjinga. Nikachomeka flashi yangu, ambayo ile namba ya ukutani nilishaiweka humohumo, nikafuta. Dakika thelathini na nane mfumo mpya ukawaka. Nikarudisha mafaili, nikaweka programu ya sauti upya, nikabonyeza Nakubali, nikaandika "Karibu Dada" ili nijaribu.

Kimya. Kioo kikaleta maneno: Leseni hii inatumika kwenye mashine nyingine. Iachilie kwanza huko.

Mashine nyingine ipi? Nikabonyeza tena. Maneno yaleyale. Ndipo nikaelewa. Mashine nyingine ilikuwa hiihii, kabla sijaifuta. Programu ilimfunga Dada kwenye ule mfumo wa zamani, na ule mfumo wa zamani haukuwepo tena duniani. Faili la sauti ninalo, nimelishika mkononi mara mbili, na bila leseni halifunguki. Niliwaambia wateja waende, warudi kesho. Yule wa funguo alinuna. Sikumjali.

Dada alirudi akihema. Nilimwona tangu ng'ambo ya barabara, anakuja kwa haraka isiyo yake, karatasi mkononi. Hakukaa. Akaniwekea ukurasa wa ishirini na sita mbele ya uso, mstari umepigiwa wino mwekundu mara mbili: Mwenye leseni aiachilie kabla ya kufuta au kubadilisha mfumo. Alikuwa anakimbia kuniwahi.

Akaniangalia usoni, akajua. Akaisogeza kompyuta, akaandika, akabonyeza. Akabonyeza tena. Midomo yake ikafunguka kama mtu anayetaka kuita, kisha ikafungwa. Wallahi ningependa anitukane. Ningelipa anitukane. Badala yake alikaa kwenye kile kiti, akaweka mikono miwili juu ya mkoba, akatazama sakafu. Sijawahi kujichukia kama siku ile.

"Nitawapigia," nikamwambia. "Sasa hivi. Dada, nitawapigia."

Simu ilipokelewa na bwana mmoja mpole wa huduma kwa wateja. Nikaweka kipaza sauti ili Dada naye asikie, nikampa namba ya leseni. Akaiangalia, akasema, "Naiona. Ili niiachilie nikiwa huku, lazima mwenye leseni mwenyewe athibitishe kwa kuongea nami. Ndivyo sheria zetu zilivyo, ili mtu asije akaibiwa sauti. Naongea na nani?"

Niwaambie kitu. Mimi na Dada sauti zetu zilikuwa moja. Baba alikuwa akipiga simu nyumbani, anatuchanganya. Nikaona mlango uko wazi.

"Ndiyo," nikasema taratibu, nikiweka na ule mkwaruzo mwishoni. "Naongea mimi mwenye..."

Mkono wa Dada ukaja juu ya simu ukaifunika. Akaandika kwenye kijidaftari, herufi kubwa, kalamu nyekundu: SAUTI YANGU SI YA KUVAA. Akainua mkono.

"Samahani bwana. Si mimi. Mwenye leseni ni dada yangu, yuko hapa, hawezi kuongea. Sauti yake ndiyo hiyo iliyofungwa. Mimi ni fundi, ni mdogo wake, na mimi ndiye niliyefuta mashine."

Yule bwana akauliza, "Anasikia?"

"Anasikia vizuri kuliko mimi."

"Basi mama," yule bwana akasema, na sasa alikuwa anaongea na Dada, si na mimi, "nitakuuliza. Gonga mezani mara moja kama ni ndiyo, mara mbili kama ni hapana. Mazungumzo haya yanarekodiwa. Wewe ndiye mwenye leseni hii?"

Dada akashika kalamu, akagonga kwa kitako chake. Mara moja.

"Fundi aliifuta mashine kwa ruhusa yako?"

Hapo akanitazama. Nilijua angeweza kunisitiri, na nilikuwa namwomba kwa macho kama mtoto. Akagonga mara mbili. Ilinichoma, siwezi kusema uongo, ilinichoma mpaka kwenye mifupa, ingawa ilikuwa haki yangu.

"Mfumo uliowekwa sasa hivi una leseni yako halali?"

Macho yakaenda ukutani, yakarudi. Mara mbili tena.

"Naelewa. Programu ya sauti inahitaji mfumo wenye leseni halali, kwa hiyo uwekwe upya kwa leseni yako. Ukishakaa sawa, nitaiachilia. Swali la mwisho, mama. Una haki ya kutafuta fundi mwingine, na hata kuandika malalamiko juu ya huyu. Unaridhia huyuhuyu aendelee kuigusa mashine yako?"

Dada hakugonga. Nikasikia friji ya duka la jirani ikinguruma. Nikaangalia mikono yangu, nikasema moyoni, agonge mara mbili tu, ni sawa, nimestahili. Akaishusha kalamu kwa nguvu mpaka kifuniko chake kikaruka chini ya meza. Mara moja.

Nililia palepale, simu ikiwa hewani. Yule bwana akajifanya anakohoa.

Nikaibandua ile karatasi ukutani, nikaichana, nikaifuta na ile namba kwenye flashi. Nikaweka mfumo upya kwa leseni iliyozaliwa na mashine, nikaunganisha mtandao, kioo kikaandika kwamba leseni imetambuliwa. Nikampigia tena yule bwana, naye akaachilia upande wake. Nikarudisha mafaili, nikaweka tena programu ya sauti. Makubaliano yakajaa kwenye kioo. Kidole changu kikashuka chenyewe kuelekea Nakubali, na Dada akakishika. Akanionyesha kiti.

"Yote?" nikauliza.

Akatikisa kichwa juu chini. Yote. Na kwa sauti, kwa kuwa yeye hana.

Basi nikasoma. Kurasa thelathini na moja, mimi Chapuchapu. Nilikwama kwenye maneno ya kisheria, yeye ananirudisha kwa kidole. Nilisoma nani anamiliki programu na nani anamiliki sauti, nani anakodi na nani amenunua moja kwa moja, mashine ngapi, mtu mmoja tu. Ukurasa wa tisa nilikohoa, nikanywa maji, tukavuka. Saa kumi za jioni nilifika mwisho, koo limekauka. Dada mwenyewe akabonyeza Nakubali.

Akaandika. Nikashika ukingo wa meza. Akabonyeza.

"Ukurasa wa tisa," ikasema sauti ya Dada, na ule mkwaruzo wake, "uliruka mstari."

Nikacheka na machozi, nikamkumbatia, nikasema aa, Dada, achana na hayo sasa, umesharudi. Akanisukuma kwa upole. Kioo kikarudi ukurasa wa tisa, kidole chake juu ya mstari.

"Usome."

Nilikuwa nimeuona mara ya kwanza. Nilikuwa nimeuona vizuri sana. Nikausoma. "Leseni hii ni ya mwenye sauti peke yake. Hairithiwi, na itakoma siku atakapofariki."

Nikamwambia siutaki mstari huo, tuwaandikie waubadilishe, tutafute programu nyingine, tutafute wakili. Maneno yalikuwa yananitoka kama maji, na yeye alikuwa anaandika, anatafuta herufi, anarudi nyuma, anaweka mkato. Niliona maneno mawili ya kwanza, nikafungua mdomo nimjibu, nikaufunga. Akabonyeza.

"Kwa hiyo, maadamu ipo, uwe unasubiri nimalize."

Nikamwambia ndiyo Dada. Akaanza kuandika tena, herufi moja moja, na mimi nikavuta kiti changu karibu nikamsubiri.