Wabebaji Wanne

Enzi za Wajerumani, Alimasi alikuwa mkuu wa wabebaji wa ingobyi pale Rumonge, ile machela ya kusuka ambayo Warundi hubebea wagonjwa na maharusi. Kila mbebaji alijua kwamba mtu aliyetoboka tumbo huongezeka uzito kadiri saa zinavyopita. Akiwahiwa, wabebaji wanne humtosha. Jua likipanda, sita. Akihitaji wanane, haponi, hata apasuliwe na nani. Daktari wa Kijerumani, mwenye hema lake kando ya ziwa, alilipokea jambo hilo bila ubishi. Kabla ya kumtazama mgonjwa alihesabu waliombeba, na wakiwa wanane hakugusa kisu.

Jumanne moja asubuhi, Mbaraka, mdogo wake Alimasi, alianguka katika shamba la michikichi la serikali, tumbo gumu kama ubao. Alimasi alifika mbio na wenzake watatu.

"Amahoro, nyapara. Mudogo wangu tumbo imetoboka. Sasa hivi iko mwepesi, watu wane tunamuweza."

"Kengele ya kutoka kazini haijalia," alisema nyapara wa shamba, akipuliza chai yake. "Saa sita mutaenda. Subira huvuta heri."

Alimasi alitamani kumwagia ile chai usoni. Lakini kiboko kilikuwa pale mezani, na mwenye nguvu mpishe. Akakaa chini, amemshika Mbaraka mkono, akitazama miti ya ingobyi ikididimia mchangani.

Kengele ilipolia, walihitajika wanane.

Karibu na hema Alimasi aliwasimamisha, akawaambia wanne waachie. Waliobaki waliingia wakitabasamu, miguu imezama ardhini hadi vifundoni. Daktari akahesabu, akanawa mikono, akamlaza Mbaraka kwa dawa ya usingizi, akampasua.

Mbaraka alifariki kabla ya alasiri.

"Umenidanganya," alisema daktari, bila kupaza sauti. "Mlikuwa wanane."

"Asubuhi tulikuwa wane, Bwana Daktari."

Daktari alichukua kalamu. Kisha akaandika barua kwenda bomani, kwamba wagonjwa wa tumbo waletwe wangali wepesi. Hakuwa mtu mbaya. Alimasi aliipeleka barua mwenyewe, siku ya pili baada ya maziko, na njia nzima alitumaini, jambo lililomuuma baadaye kuliko msiba wenyewe.

Jibu lilikuja baada ya wiki, likasomwa na nyapara mbele ya watu wote. Serikali imesikia. Kuanzia sasa wabebaji wanane watakaa shambani kila siku, chini ya Alimasi, ili wasitafutwe kengele ikishalia.

Alhamisi, jua likiwa bado chini, mkata mikungu mmoja aitwaye Athumani alianguka akishika tumbo. Alimasi akamlaza kwenye ingobyi, akawapanga watu wake wanane, wanne huku na wanne huku, wakangoja kengele.