Nguzo Isiyokuwepo

Wote walikuwa wanapinda mahali pale pale. Wanatoka kwenye lifti, wanapita mashine ya kuchapisha, wanashika ujia mpana unaoelekea madirishani, na wakifika katikati ya ukumbi, mahali ambapo hapakuwa na kitu isipokuwa zulia, wanasogea kushoto, wanazunguka, kisha wanarudi kwenye mstari wao. Hakuna aliyetazama chini. Aliyebeba kikombe alipinda, aliyekuwa akiongea na simu alipinda, na mwanamke aliyesukuma toroli la karatasi alilipindisha kama anayekwepa shimo.

Nilikuwa nimesimama kando ya ukuta na kipimo changu cha leza mkononi. Niliona kwanza kwa watu, kisha kwa zulia. Walipokanyaga palikuwa pamepauka. Wasipokanyaga palibaki na buluu ile ile ya siku zulia lilipotandikwa, kipande cha ukubwa wa meza moja.

Kazi yangu, kwa asiyeijua, ni kuchora ramani za ndani ya majengo. Natembea chumba kwa chumba, napima ukuta hadi ukuta, nafungua milango ambayo wenyewe wamesahau kuwa ni milango, kisha nayaweka yote kwenye kompyuta: kila meza na namba yake, kila chumba cha mikutano na jina lake, na njia za kupita. Ramani ikikamilika inaingizwa kwenye programu ya ofisi. Mfanyakazi anafungua simu asubuhi, anaona meza zilizo wazi kwa kijani na zilizochukuliwa kwa nyekundu, anachagua yake ya siku hiyo. Hakuna tena meza ya fulani.

Msimamizi wa jengo, mzee mwembamba ambaye ofisi nzima ilimwita Nusu Dakika kwa sababu kwake kila jambo lilikuwa la nusu dakika tu, alinieleza mpango huo kwa methali.

"Asiyekuwepo na lake halipo," alisema. "Hujaja kazini leo? Meza yako anakaa mwenzio."

Akacheka. Mimi nilijisingizia kikohozi, kwa sababu nilikuwa na wangu asiyekuwepo. Dada yangu mkubwa alifanya kazi katika ukumbi ule, kitengo cha kupokea simu za wateja, na kifo kilimkuta humo humo. Tuliambiwa aliugua ghafla, akakata roho kabla ya kufika hospitali. Habari hiyo tuliletewa na watu wawili waliovaa vizuri, wakakaa ukingoni mwa kochi, wakatupa pole, wakaondoka.

Tangu siku hiyo mama yetu alikuwa na swali moja. Hakuuliza ni maradhi gani, wala daktari alisema nini. Aliuliza, "Alikuwa na nani?" Aliliuliza msibani, aliliuliza mwaka uliofuata, aliliuliza katikati ya mazungumzo ya mambo mengine kabisa, na mgeni yeyote aliyewahi kufanya kazi mtaa ule wa maofisi hakunywa chai yake kwa amani. Kazi ya jengo lile ilipofika kwetu, niliidaka kabla mwenzangu yeyote hajafungua mdomo. Sikumwambia mtu sababu. Natumia jina la ukoo la mume wangu, nalo lilinificha vizuri.

Siku zile za mwanzo nilipima nikiwa natafuta. Kila kiti nilikiuliza kimoyomoyo, ni wewe? Lakini ofisi zina tabia ya kujifuta. Meza zilikuwa mpya, kuta zimepakwa rangi upya, na nusu ya watu walikuwa wageni. Kilichobaki cha kale ni zulia, na yule mwanamke wa mapokezi aliyeitwa Shangazi hata na wakubwa wake.

"Wewe mwanangu, mbona unatupima hivyo?" alinitania. "Unatushonea?"

"Nalishonea jengo, Shangazi."

"Basi ulipunguze kiunoni. Limenenepa."

Nilipofika hatua ya kujaribu njia, nilimwomba mfanyakazi mmoja anisaidie, msichana wa miwani aliyeajiriwa karibuni. Programu huchagua njia fupi kuliko zote na kumwongoza mtu kwa sauti. Nikampa simu yangu, nikamwambia aende dirishani kama mgeni asiyejua kitu. Simu ikamwambia nenda moja kwa moja. Akaenda. Alipofika katikati ya ukumbi, akapinda.

"Umetoka kwenye njia," simu ikasema. "Rudi."

Alisimama, akatazama kile kipande cha buluu, na hakurudi. Akamaliza mzunguko wake, akanijia akiwa ameona haya.

"Kwa nini umezunguka?" nilimuuliza.

"Hata sijui. Niliwakuta wenzangu wanapita hivi."

"Hujawahi kupita katikati?"

Akafikiri. "Hapana," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejishtukia. Mimi si mtu wa kuamini mizimu. Hata hivyo hadi leo, nikiingia jengo jipya, natazama zulia kabla ya kuta, na nikiona mahali pasipokanyagwa nasimama mbali napo.

Nilimfuata Shangazi wakati wa mapumziko, katika kijichumba cha chai. Nilimuuliza kama fundi anavyouliza, kwamba njia zangu hazikubaliani na miguu ya watu. Alikoroga chai yake muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

"Pale palikuwa na meza ya Chiriku," alisema.

"Ndiye nani?"

"Msichana wa simu. Tulimpa jina hilo kwa sababu alikuwa hanyamazi. Akimaliza na mteja anaanza na sisi. Anaigiza wateja, anamwigiza Nusu Dakika, naye Nusu Dakika amesimama nyuma yake! Tulikuwa tunacheka mpaka tunafokewa."

Nilijisemea, basi siye. Dada yangu nyumbani alijibu kwa kichwa. Wakati ule baba alikuwa kitandani, hajiwezi, na dada ndiye aliyekesha naye usiku. Akirudi kutoka kazini jioni alikuwa hana neno lililosalia mdomoni. Nilimfahamu hivyo, mkimya, mwenye macho mekundu, na karibu nilishukuru kwamba Chiriku alikuwa mtu mwingine.

"Alikuwa anamuuguza baba yake, maskini," Shangazi aliendelea. "Usiku halali. Kwa hiyo mara nyingine analaza kichwa mezani kidogo, na sisi tunamstahi. Simu zake tunapokea sisi. Sasa siku hiyo alilaza kichwa mapema. Mtu akasema, jamani, leo Chiriku amechoka kweli. Mwingine akasema mwacheni, msimwamshe. Tukawa tunanyata. Ukifika pale unazunguka mbali na kiti chake, asisikie hatua. Simu yake tukaipunguza mlio. Asubuhi ikapita, mchana ukapita. Kuna mtu hata alimfunika koti. Jioni tunafunga ndipo mimi nikaenda kumwamsha."

Aliacha kukoroga.

"Tulizunguka siku nzima, mwanangu. Kumbe tunazunguka maiti. Meza waliiondoa kesho yake, lakini miguu yetu hakuna aliyeiambia."

Nilimshukuru, nikaosha kikombe changu, nikakiosha tena. Kisha nikashuka kwa ngazi hadi nje, nikasimama kwenye maegesho ya magari, na hasira ikanipanda hadi masikio yakaziba. Nasema wazi nilikasirika. Ukumbi mzima wa watu wazima, na hakuna hata mmoja aliyeweka kiganja begani kwake! Nilitamani wangekuwa wakatili. Mkatili angemtikisa, angemfokea ainuke apokee simu, na pengine dada yangu angewahishwa hospitali. Wema wao ndio uliomwacha pale. Na juu ya hayo, walikuwa wameondoka na dada ambaye mimi sikumjua, yule wa kuchekesha, na sisi wa nyumbani tulibakiwa na uchovu wake.

Jioni hiyo nilipita kwa mama. Nilikaa, nikanywa chai, nikamwangalia akihangaika na taa isiyowaka, na nikashindwa. Ningemwambia nini? Kwamba alikuwa na watu wengi, na hakuwa na mtu?

Kesho yake Nusu Dakika aliikagua ramani yangu ya awali kwenye skrini. Katika programu zile mahali patupu panahesabiwa hasara. Panawaka rangi ya machungwa mpaka pajazwe.

"Hapa katikati," alisema akiigusa kwa kalamu, bila kugeuka kutazama ukumbi wenyewe. "Zinaingia meza nne. Agizo limetoka juu, nafasi zijae. Nusu dakika tu, zichore."

Nilichora ya kwanza. Ikawaka kijani, iko wazi, tayari kuchukuliwa. Nikafikiria mtu fulani amelala kitandani kwake, anaona kijani ile kwenye simu, anaibonyeza, anakuja kuweka mkoba wake hapo na kulaza viwiko pale pale. Nikaifuta.

Halafu nikachora nguzo. Ukichora nguzo, programu inaiheshimu kuliko mtu. Haiweki meza juu yake, haipitishi njia ndani yake. Kila anayeongozwa anazungushwa. Niliichora mstatili, nikaijaza rangi ya kijivu kama nguzo halisi zilizoshika paa, nikaipa namba inayofuata. Sikuwahi kuchora kisichokuwepo kabla ya siku hiyo. Baada ya hapo niliijaribu simu, nayo ikanipeleka dirishani kwa kupinda kushoto, na haikuniambia nimetoka kwenye njia.

Siku ya kukabidhi kazi, Nusu Dakika alipita ghorofa nzima na kompyuta kibao mkononi, mimi nyuma yake. Analinganisha mlango na mlango, dirisha na dirisha. Mzee alikuwa makini. Swichi moja niliyoisahau aliiona. Tulipofika katikati ya ukumbi alisimama. Akatazama skrini, akatazama zulia, akatazama skrini.

"Hii nguzo," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Jengo hili nalisimamia tangu halina milango. Sijawahi kuiona."

"Ipo."

"Umeipima?"

"Nimeipima. Ina ukubwa wa meza moja."

Alinigeukia taratibu. Nilijua angeweza kuniharibia kazi kwa neno moja, na kampuni yangu isingenitetea, kwa sababu mchora ramani anayebuni nguzo ni sawa na mhasibu anayebuni namba. Lakini nilikuwa nimechoka kujificha.

"Inabeba nini hiyo nguzo?" aliniuliza, kwa sauti ya chini.

"Chiriku ni dada yangu. Tumbo moja."

Watu walikuwa wanatupita. Mmoja mmoja walitufikia, wakapinda, wakaendelea na safari zao. Nusu Dakika aliibana kompyuta kibao kifuani.

"Lile koti lilikuwa langu," alisema.

Nilikuwa nimemwekea mwenye koti lile maneno. Tangu siku ya kijichumba cha chai nilikuwa nayanoa, makali, ya kumtoa machozi mtu mzima. Nikayatafuta.

"Kiyoyozi kilikuwa kinampiga mgongoni," aliendelea. "Nikalivua, nikamfunika, hivi, kwa ncha za vidole." Akanionyesha hewani, kwenye kimo cha mgongo wa mtu aliyeinama mezani, mikono yake miwili ikishusha kitu kisichoonekana kwa uangalifu mkubwa. "Sikutaka kumgusa, asije akaamka. Ningemgusa tu ningejua. Kila siku nalifikiria hilo. Ningemgusa tu."

"Hukujua, mzee," nilisema. Sikuwa nimekusudia kusema hivyo.

"Sikujua. Na nilikuwepo."

Alivaa miwani yake, akainamia skrini, akabonyeza mahali pa kuidhinisha. Kwa wakubwa aliandika kwamba eneo la katikati halifai kwa meza kwa sababu ya nguzo. Akanishukuru kwa kazi nzuri, kwa sauti ya kiofisi ambayo watu wote waliisikia, kisha akaelekea kwenye lifti, naye akazunguka kama wengine.

Jumapili nilikwenda kwa mama. Nilimkuta uani anaanua nguo. Nikashika upande wa pili wa shuka kubwa, tukaanza kukunja.

"Mama, nimepaona alipokuwa anakaa dada."

Hakusimamisha mikono. "Alikuwa na nani?"

"Ofisi nzima ilikuwepo, mama. Walikuwa wanampenda. Alikuwa anawachekesha mpaka wanafokewa."

"Huyu wetu?"

"Huyu huyu wetu. Walimwita Chiriku."

Akalirudia jina hilo kwa midomo bila sauti. Nikaona karibu atabasamu, na nikaona nisipolisema lililobaki wakati ule sitalisema tena.

"Siku ile walidhani amelala. Msimamizi wao alivua koti lake akamfunika."

Mama alisogea akaunganisha ncha zake na zangu, ana kwa ana, akabaki ameishika mikono yangu chini ya shuka.

"Alikuwa anasikia baridi, mwanangu?"

"Hapana, mama," nikasema. "Alikuwa hasikii baridi."

Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akachukua shuka lile lililokunjwa, akaliweka kwenye beseni, akanyoosha mkono kwenye kamba kuanua lingine.