Aliyetangulia Kwenye Ukungu

Mvua za masika ziliibomoa barabara ya bondeni mahali pamoja tu, pale kwenye kalavati, lakini pamoja hapo palitosha. Malori ya mchanga yakahamia barabara ya juu. Bodaboda nao wakayafuata, maana hakuna abiria aliyekubali kushushwa avuke kijito kwa miguu huku pikipiki ikisukumwa matopeni. Barabara ya bondeni ikabaki tupu, nyekundu, inayojipinda sambamba na mto Sabaki kutoka nyuma ya Malindi hadi ndani kabisa, ikiacha minazi, ikiingia kwenye migomba, kisha kwenye mikoma mirefu, wala haina wa kuipita ila mbuzi, watu wa miguu na baisikeli mojamoja.

Shukri aliikuta barabara katika hali hiyo. Alikuwa muuguzi, mzaliwa wa Mambrui, ng'ambo ya mto, na bonde lile hakuwa akilijua. Alikuwa ametoka kuachika, na amepata kazi kwenye zahanati ndogo huko juu. Kulala alilala Malindi, kwa shangazi yake Bi Nasiba, ambaye aliposikia kwamba mtoto wa kaka yake atakwenda kazini kwa baisikeli aliiweka chini nazi aliyokuwa akiikuna, akamtazama.

"Mwanamke mzima, mwanangu? Na buibui lako?"

"Buibui nitalitia mkobani, shangazi. Nitavaa suruali, na koti langu jeupe la kazi juu yake."

"Na watu watasemaje?"

"Njia yenyewe haina watu."

Basi akawa akishasali alfajiri anatoka. Baisikeli yake fundi alikuwa ameitia grisi kila mahali, ikawa haina sauti kabisa. Alijisikia kama mtu anayechukuliwa na maji. Lami ilipokwisha, ukungu ulianza. Ulipanda kutoka mtoni, ukalala juu ya mahindi na mchicha wa watu, ukaziba hata miguu yake mwenyewe, asione pedeli anazozikanyaga. Yangeyange walikuwa wamesimama majini, weupe juu ya weupe. Tetere walilia mahali fulani, halafu wakanyamaza kana kwamba wamekumbuka jambo. Mto haukuonekana, ila harufu yake ilikuwepo, harufu ya udongo wa mbali ulioletwa na mvua za bara.

Nyumba aliyoiacha ilikuwa nyumba ya maneno mengi. Huku, kwa mwendo wa saa nzima, hakuna aliyemwuliza kitu. Mabega yake, ambayo hakuwa akijua kwamba yamekaza, yakaanza kulegea.

Ndipo akamwona yule mtu wa mbele.

Hakuwa zaidi ya kivuli: mgongo wa mwanamume juu ya baisikeli, na dumu la njano limefungwa nyuma. Siku ya kwanza Shukri hakumjali. Siku zilizofuata akatambua kwamba yupo kila asubuhi, na kila asubuhi yuko umbali uleule. Shukri akiongeza mwendo, naye anaongeza. Shukri akipunguza, naye anapunguza. Hakugeuka hata mara moja. Penye njia panda, karibu na mashamba ya kumwagilia, alishika kijia cha kushoto, ukungu ukammeza.

Mwanzoni alimwogopa. Lakini mtu mbaya, alijiambia, angemngoja au angemkimbia. Huyu hafanyi lolote katika hayo. Halafu kulikuwa na ile sauti. Upepo ukivuma kutoka juu ulimletea sauti ya yule mtu, nzito, inayopanda na kushuka, haina haraka. Maneno hayakumfikia, yaliyeyuka njiani. Shukri akaamini anaimba. Akajiuliza ni furaha gani inayomwimbisha mtu saa zile, peke yake, na dumu lake. Baada ya muda akawa anaamka kabla ya adhana akiisubiri sauti ile, na siku za Jumapili, zahanati ikifungwa, alihisi kama mtu aliyekosa chai.

Siku moja ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Shukri alikuwa ameacha mawazo yake yaende yanakotaka, mikono imelegea kwenye usukani, na sauti ile ilikuwa imekatika bila yeye kutambua. Ghafla dumu la njano likawa mbele ya pua yake. Akashika breki.

Yule mtu alikuwa amesimama katikati ya njia, miguu yote miwili chini.

"Usisogee," akasema kwa sauti ya chini. Hakugeuka.

Shukri akatazama kupitia bega lake. Alichodhani ni kichuguu kilipumua. Alikuwa kiboko, ametoka kula kwenye mahindi ya watu, anarudi mtoni, na barabara ameiona ni mahali pazuri pa kupumzika. Mgongo wake uling'aa kwa maji. Alikuwa akitafuna majani, pole pole, na kila alipotafuna masikio yake madogo yalitikisika.

Wakasimama.

"Nakuomba," akasema yule mtu, bado anamtazama kiboko, "kwa haki ya Mungu aliyetuumba sote. Kama wewe ni mtu, nijibu. Asalaam alaykum."

"Waalaykum salaam," Shukri akanong'ona.

Mwanamume akafikiri. "Majini pia huitikia salamu," akasema.

"Mimi ni muuguzi."

"Wa wapi?"

"Wa zahanati ya huku juu. Naitwa Shukri. Baba yangu ni Umair, wa Mambrui."

"Umair yupi?"

"Mshonaji. Kibanda chake kinatazamana na kisima."

Mabega ya yule mtu yakashuka. "Alinishonea kanzu," akasema. "Mkono mmoja ulizidi, nikamrudishia, akaukata bila kinyongo." Akavuta pumzi. "Mimi naitwa Badi. Kwetu Gongoni, ila siku hizi nakaa Malindi na mama."

Kiboko alimaliza kutafuna. Akageuka kwa uzito wa mtu anayejua kwamba hakuna wa kumhimiza, akashuka ukingoni, na wakasikia maji yakimpokea. Hapo ndipo Badi alipogeuka. Alikuwa mtu wa makamo, uso mwembamba, macho yamechoka kwa kutolala. Shukri akaona kwenye usukani wake kioo kidogo cha mviringo.

"Mama alinionya nisigeuke," akaeleza, akikishika kioo kwa aibu. "Nilimwambia kuna kitu cheupe kinanifuata kila alfajiri, hakina sauti wala hakina miguu. Akasema nisikimbie, maana kikijua unaogopa kinakuparamia. Nisigeuke, nisome tu. Basi ukinikaribia naongeza mwendo kidogo, ukibaki nyuma napumzika. Nilinunua hiki nikuone bila kugeuka."

"Usome?"

"Ayatul Kursiyyu. Tangu lami inapokwisha."

Shukri alishika usukani. Alipanda baisikeli yake, akampita, akaenda. Siku zote zile alizodhani kuna mtu mbele yake anayefurahi, kumbe mtu huyo alikuwa anajikinga naye. Hakujua acheke au alie. Kicheko kilimjia baadaye, mchana, alipokuwa akimfunga bendeji bibi mmoja kifundoni, naye bibi akacheka pia, hajui kinachochekwa.

Kesho yake Badi alikuwa akimngoja lami inapokwisha, ameegemea dumu lake.

"Nimekuja kukuomba radhi, dada."

"Kwa lipi? Hukunitukana."

"Nilikudhania."

"Twende," akasema Shukri. "Nitachelewa."

Wakaenda sambamba, barabara yote ni yao. Badi alimweleza kidogo kidogo, siku kwa siku. Alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chumvi hadi miguu yake ilipokataa, vidonda haviponi, akaacha. Sasa analinda na kuwasha mashine ya maji ya wakulima wa bondeni, na dumu lile ni la mafuta. Hakuwahi kuoa; kila alipokaribia, jambo lilitokea. Shukri naye akamwambia kwamba aliolewa, na kwamba yamekwisha, na Badi hakuuliza zaidi. Magurudumu yalipita juu ya mchanga laini, jua likatokea nyuma yao, ukungu ukageuka rangi ya papai, na vivuli vyao vikatangulia mbele, virefu, vimeungana.

Lakini ile sauti haikuwepo tena.

"Mbona husomi?" Shukri akamwuliza siku moja.

"Sasa nisome kwa ajili gani?"

"Soma tu. Nimeizoea."

Badi alikohoa. Alipoanza, sauti ilimtetemeka kwa kuwa alijua kuna anayesikiliza. Walipofika kwenye mikoma ilikuwa imetulia. Safari hii Shukri alisikia kila neno.

Kiangazi kilipoingia, wakaja watu wa barabara na mashine zao, kalavati likajengwa upya. Lori la kwanza liliwakuta penye kona. Walishuka, wakasimama ukingoni wakiwa wamefumba macho mpaka vumbi lilipotua. Ukungu wenyewe ulikuwa umeshaanza kupungua siku zile.

"Kuna njia ya kando ya mfereji," akasema Badi, akijipangusa nyusi. "Gari halipiti. Ni nyembamba, lakini inafika." Halafu akaongeza, "Mama anaulizia habari zako."

"Ananijua?"

"Anakujua tangu ulipokuwa jini."

Shukri akaenda kumwona Ijumaa, amevaa buibui lake jipya. Mama yake Badi, Bi Mishi, alikuwa amemtandikia mkeka. Shukri alipovua viatu mlangoni, akaona macho ya bibi yameshuka na yamebaki chini, kwenye miguu yake, kuona kama ni miguu ya mtu au ni kwato. Akalipandisha buibui kidogo, akasimama hivyo, amwache atazame apendavyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema Bi Mishi, na sura yake yote ikafunguka. "Nisamehe. Mimi ni mtu mzima, na huyu ndiye mwanangu wa pekee. Karibu ukae."

Kabla mwezi haujaisha wazee wa Gongoni walifika Mambrui kuposa, wakapokewa na mzee Umair mbele ya cherehani yake. Bi Nasiba, alipoulizwa na majirani bwana huyu kapatikana wapi, alijibu, "Njiani," kisha akawageuzia mazungumzo. Shukri aliomba apewe muda hadi mahindi ya bondeni yavunwe. Haraka ya mara ya kwanza aliijua. Badi akasema sawa, na uso wake haukuonyesha kwamba amepunguziwa kitu.

Asubuhi moja, kwenye njia ya mfereji, ukungu ulirudi, mwembamba, wa kupita. Wote wawili wakaacha kukanyaga pedeli bila kuambiana, baisikeli zikajiendea zenyewe hadi zikasimama. Maji yalitembea pembeni yao. Upande wa pili mtu asiyeonekana alikuwa akimwita ng'ombe wake kwa jina, kwa upole, tena na tena. Walisikiliza mpaka ng'ombe akaitika.

Shukri alifika zahanati amechelewa kidogo. Mama mmoja alikuwa amekaa barazani na mtoto mgongoni, hajakasirika. Shukri akafungua mlango, akanawa mikono, akampokea mtoto.