Bomba la Ukutani

Vijana wa leo mnakunywa soda huku mnaangalia simu, hata kucheua hamcheui. Mnanitia hasira! Sisi Tanga, miaka ile ya foleni za sukari na sabuni, soda ndiyo iliyokuwa harusi. Mgeni asiposhika pua machozi yakamlengalenga, kesho yake mtaa mzima wa Mabawa unasema harusi ya fulani ilidoda.

Soda hiyo ilikuwa ya baba yangu, Mohsin, aliyekuwa na kiwanda kidogo cha kujaza chupa. Ukuta mmoja tu ulimtenga na Dharsi, Mhindi aliyetengeneza mafuta ya mgando ya kupikia, ambaye mimi nilimwita Ami Dharsi. Nchi ilipoishiwa fedha za kigeni, gesi ya soda haikuja tena, na baba akawa anashinda mbele ya chupa tupu kama mfiwa. Ami Dharsi ndiye aliyemwokoa.

Mafuta ya nazi yanahitaji haidrojeni ili yagande sawasawa, na Ami Dharsi aliitoa haidrojeni yake kwenye mafuta ya taa. Aliyapitisha pamoja na mvuke ndani ya tanuri lenye moto mkali. Humo hutoka pia hewa ya ukaa, ambayo zamani aliiachia ipotelee angani. Sasa akainasa kwenye pipa la maji ya magadi, maana magadi huishika hewa ile, na ukiyachemsha huiachia, nayo ndiyo hiyo hiyo inayotoa mapovu kwenye soda. Wakatoboa ukuta, wakapitisha bomba. Baba alitaka kulipa; Ami Dharsi akamuuliza tangu lini jirani akalipia moshi. Alichotaka ni kreti ya soda ya machungwa ya Muheza kila Idi.

Wallahi, niliipenda miaka ile, pamoja na shida zake zote. Asubuhi bomba likianza kukoroma, mama alisema Ami yenu ameamka, nasi tukajua siku imeanza vizuri.

Ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa za nje. Maduka yakajaa makopo ya mafuta ya nje, meupe pee, tena rahisi; gesi ya soda tu ndiyo haikuletwa. Wakati huo nilikuwa nimeshaposwa, na baba alikuwa amekwisha kuapa kwamba binti wa mwenye soda hataolewa kwa soda ya dukani. Heri harusi ivunjike, alisema, na hakuwa anatania. Mimi nilimjua baba yangu, kwa hiyo nililiombea dua bomba lile kuliko nilivyomwombea mchumba.

Usiku mmoja Ami Dharsi akatualika chakula. Tukakaa kuzunguka sinia kubwa, wanaume lao, wanawake letu, tukaonja chumvi kwanza kama ilivyo desturi ya nyumba yao. Kisha nikauma sambusa. Loo! Haikuwa na harufu ya nazi hata kidogo. Domo langu halina breki. Nikamjia juu mkewe, Batulbai: mwenye kiwanda cha mafuta anapika kwa makopo ya nje, hana haya? Nilisema kwa sauti, hadi wanaume kwenye sinia lao wakageuka.

Batulbai akaanza kulia. Akasema kiwanda kilikuwa kimezimwa siku nyingi. Wanunuzi wote walikuwa wamekimbilia makopo.

Sikuelewa, maana asubuhi ile ile bomba lilikuwa limekoroma. Ndipo akaeleza kwamba Ami Dharsi alikuwa na mitungi ya gesi ile aliyoiweka akiba, na kila alfajiri alikuwa akienda kuifungulia kwenye bomba, ili baba asijue.

Baba aliinuka bila kunawa, akatoka mpaka ukutani, akafunga koki ya bomba kwa mikono yake. Sote tukamfuata.

"Imebaki mitungi mingapi?"

"Mmoja," alisema Ami Dharsi. "Ningekwambiaje, Bwana Mohsin? Unamwoza binti yako Shemsa."

Tangu siku hiyo baba hakuuza chupa hata moja. Wateja walikuja wakabisha hodi, wengine wakatukana, na mashine ikashika vumbi. Mtungi ule wa mwisho ulikuwa wangu, wa harusi.

Harusi yangu ilitoa machozi, nawaambia. Wageni walishika pua, wakacheua, wakacheka, na shangazi wa bwana harusi, ambaye haridhiki na kitu, aliomba chupa ya pili. Gesi ya mtungi ilipokata kabla kreti ya mwisho haijajazwa, baba aliijaza vivyo hivyo, maji ya machungwa na sukari tu, akaiweka pembeni. Watu walipopungua, akatoa humo chupa mbili, yake na ya Ami Dharsi, wakakaa chini ya lile bomba la ukutani.

Niliwaona kutoka dirishani, hina yangu mikononi. Ami Dharsi alikunywa, akatoa leso, akajifuta macho.

"Gesi, bwana," akasema. "Imenipanda puani."

"Hata mimi," baba akajibu.