Swila Chini ya Cherehani

Mwanangu alipooa mshika nyoka, mimi nilifurahi. Nalisema wazi kwa sababu kuna waliojifanya wamefiwa. Dada wa mume wangu, ambaye ukoo mzima tunamwita Spika kwa vile sauti yake hufika mtaa wa pili, alitangaza kwamba binti yake atakapoolewa, mkwe wangu hatakanyaga chumba cha kumvalishia bibi harusi. Eti mikono inayoshika nyoka ina nuksi. Nilimwambia nuksi iko mdomoni mwake, tukanuniana.

Lakini Mungu si Athumani. Siku moja kabla ya harusi hiyo, swila, nyoka yule anayewatemea watu sumu machoni, aliingia kwenye chumba changu cha ushonaji akajichimbia nyuma ya majora ya vitambaa. Gauni la bibi harusi lilikuwa mle ndani, jeupe pe, limebaki upindo tu. Nilitoka mbio nikafunga mlango. Mwenye nyumba akaja na dumu la mafuta ya taa.

"Namwaga humo ndani. Atoke au afe."

"Na gauni la mwanangu?" Spika, aliyekuwa amekuja kulikagua, akapiga ukelele.

"Atashonewa jingine."

"Kwa kesho?" nikamkemea. "Kwani unadhani magauni yanaota kama uyoga?"

Nikampigia simu mkwe wangu. Alikuja na fimbo yenye ndoano, bomba, kopo, mfuko wa turubai na miwani mikubwa ya plastiki. Alimwamkia Spika kwa adabu zote; Spika akaitikia huku anatazama ukuta. Mwenye nyumba akakubali kusubiri kidogo, ila dumu hakulitua.

Niliingia naye. Gauni lile ni jasho langu, nisingeliacha peke yake na nyoka.

Mkwe wangu hakumtafuta nyoka kwanza. Aliokota kibiringo cha uzi kilichotafunwa. "Mama, hapa kuna panya."

"Mahasidi hao! Nyuzi zangu zote wamezimaliza, sijui wana njaa gani."

"Wala si njaa. Meno yao ya mbele hayaachi kukua. Panya asipotafuna, yanarefuka mpaka anashindwa kula. Huyu swila amefuata harufu yao, na sisi tutamwita kwa harufu hiyohiyo."

Alitoa panya mfu kwenye kopo, akamfunga uzi, akamburuta sakafuni kutoka kwenye majora hadi kwenye mdomo wa bomba pana la plastiki. Upande wa pili wa bomba alifungia ule mfuko.

"Nyoka ananusa kwa ulimi," akaniambia. "Una ncha mbili. Harufu ikizidi kwenye ncha ya kushoto, anakata kushoto. Wewe kaa pale pembeni kwenye cherehani yako, vaa miwani yako ya kushonea, utulie."

Nikakaa. Ulimi ndio uliotangulia kutoka, mweusi, unapepea. Kisha kichwa, kisha mwili usioisha. Aliufuata mstari ule utadhani amechorewa kwa chaki. Alipofika kwenye meza ya kukatia, akasita. Ulimi kushoto, ulimi kulia. Akauacha mstari, akaja kwangu.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Asubuhi nilikuta kiota cha panya chini ya meza ile, matambara matupu, nikakisukuma kwa mguu hadi chini ya cherehani ili nikichome baadaye. Kumbe nilikuwa nimemchorea swila njia ya pili, na mkwe wangu hana habari.

"Mama," alisema polepole, "usiinue mguu. Una nini hapo chini?"

"Kiota cha panya," nikajibu, midomo haifunguki vizuri.

"Basi hana shida na wewe. Ulimi wake hauchomi wala hauumi. Anauliza tu. Wewe usimjibu."

Kutomjibu mtu! Hakuna kazi ngumu kama hiyo kwa mwanamke kama mimi. Ulimi ulipapasa kiatu changu, ukapanda hadi kwenye kifundo. Niliogopa, nisidanganye mtu. Jasho lilinitiririka mgongoni na nikawaaga wanangu wote moyoni. Lakini mguu sikuusogeza. Swila akaupita, akazamisha kichwa kwenye matambara.

Mkwe wangu alikuja bila haraka, akamwinua kwa ndoano. Swila akatanua shingo, akatema. Sumu ilitapakaa kwenye miwani ya mkwe wangu, naye hata hakurudi nyuma.

"Najua, bwana, meno yako yana matundu kwa mbele ya kurushia sumu," akamwambia. "Umemaliza? Haya, nyumbani."

Akamwelekeza kwenye bomba. Nyoka kuona giza, akaingia mwenyewe hadi mfukoni. Kamba ikakazwa.

Nilipiga kigelegele ambacho mtaa haujawahi kukisikia. Nilifungua mlango nikamtanguliza mkwe wangu na mfuko wake, nikipaza sauti, "Huyu ni wangu! Mwenye macho aone!" Watu walipiga makofi, wakapiga miluzi, na mwenye nyumba akalificha dumu lake nyuma ya mgongo kama aliyeliiba.

Jioni upindo ulikuwa tayari. Bibi harusi akaja kulijaribu gauni. Vifungo vya mgongoni vilikuwa vidogo kama punje za mtama, na kila mama yake alipojaribu kuvifunga vilimponyoka.

"Mama, acha," yule binti akasema. "Wifi ndiye mwenye mikono iliyotulia leo. Wifi, njoo unifunge. Na kesho chumbani uwe wa kwanza kufika."

Mkwe wangu alinitazama, kisha akamtazama Spika. Spika akatoka, akarudi na jagi la maji na sabuni, akammiminia mkwe wangu mikononi.

"Sugua vizuri, mwanangu," akasema. "Gauni ni jeupe."