Kioo Kisichotulia

"Dada Beya, umefumba macho. Unaomba dua au umelala?"

Viwiko vya Beya vilikuwa juu ya meza na viganja vimeyafunika macho, akisubiri maumivu yashuke, kama mtu anavyosubiri maziwa yaliyofura yarudi chini ndani ya sufuria. Hayakushuka. Aliijua sauti ile: ni Bwana Taufik, au Si Taufik kama walivyomwita kwa heshima, meneja wa kiwanda cha uchapaji, amesimama mlangoni na karatasi zake kwapani.

"Nasubiri mchanga unitoke machoni, Si Taufik."

"Mchanga? Wiki nzima hapa Sfaksi hakujavuma upepo wa kuzima kiberiti." Wanawake wawili wa meza ya dirishani wakacheka. "Kitabu cha darasa la pili kinangojwa na mashine. Ukifika nyumbani fumba macho mpaka Ijumaa, sitakuuliza."

Akafumbua. Ukurasa ulikuwa pale pale kwenye kioo cha kompyuta, hadithi ya sungura na karoti, kila herufi ya Kiarabu imevaa alama yake ya irabu, fataha juu, kisra chini, dhumma imejikunja kama mkia wa kinda. Kwa miaka ishirini na minne Beya alikuwa amepanga kurasa za vitabu vya watoto wanaoanza kusoma. Kisra ikikaa mahali pa fataha, mtoto atalijua neno hilo kombo mpaka azeeke. Wasahihishaji walipobishana walisema, "Mpelekeeni Beya," na ubishi ukaisha. Hakuolewa, hakusoma sana, nyumba aliyokaa ilikuwa ya marehemu mama yake. Alichokuwa nacho cha kujivunia ni macho.

Tangu vioo vipya viletwe mwezi wa tisa, macho yakamgeuka. Saa tatu asubuhi akiketi, saa tatu na nusu mchanga umeingia. Halafu ukaja msumari nyuma ya jicho la kushoto. Kufika adhuhuri kichefuchefu kilimpanda hata mkate wake wa jodari na harisa, ile pilipili ya kusaga, akaurudisha mkobani bila kuufungua. Akaupunguza mwanga wa kioo. Ukamuuma zaidi. Akaupunguza tena, mpaka kioo chake kikawa hafifu kama kibatari, naye akaumwa kuliko siku zote. Daktari wa macho alimpima kwa herufi kubwa na ndogo, akamwambia, "Mama, macho haya ni ya msichana. Pumzika," akamwandikia matone. Matone yakaisha, chupa akaitupa.

Lakini kilichomnyima usingizi zaidi ya maumivu ni kwamba maneno aliyokuwa akiyasema siku hizi hayakuwa mageni. Mchanga. Msumari. Kichefuchefu. Alikuwa ameyasikia yote kutoka kinywani mwa Naziha.

Naziha alikaa naye mgongo kwa mgongo miaka kumi na mmoja. Alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, mwepesi wa vidole, mwepesi wa kucheka, binti wa mji mdogo wa El Jem aliyepanga chumba Sfaksi. Kioo kipya cha kwanza kililetwa Machi, kikapewa yeye kwa kuwa alikuwa na kasi kuliko wote. Hazikupita wiki tatu akaanza kulalamika. Akawa anatoka kwenda bombani kuosha uso, anarudi, anatoka tena. Siku nyingine hakuja kabisa, na kurasa zake zikahamia kwa Beya. Beya alizifanya. Alizifanya na kunung'unika, akakosa arusi ya mpwa wake kwa ajili ya kurasa za Naziha.

Ndipo Si Taufik alipomwita ofisini. "Wewe ndiye unayemjua. Huyu ni mgonjwa, au anatafuta kiti laini?"

Beya alikuwa amechoka siku ile. Akasema, "Nimekaa kwenye kioo chake siku nzima, sikuhisi kitu. Ni deko tu."

Meneja akaandika. Mwezi wa sita Naziha akaachishwa kazi kwa utoro. Aliondoka na mfuko mmoja wa plastiki, na alipopita nyuma ya Beya alisimama kidogo, kama mtu anayetaka kusema neno. Beya akaendelea kupiga chapa.

Na siku nzima aliyoisema ilikuwa dakika kumi.

Alhamisi moja ya Novemba alikuwa bombani ukumbini, maji yakimchuruzika kidevuni, alipopita Lamjed. Lamjed alikuwa fundi wa mitambo, mtu mzima mwenye kitambi na utani mwingi, aliyekuja mara moja kwa mwezi kukagua kompyuta.

"Kulikoni, dada Beya? Nani kafa?"

"Macho yangu ndiyo yanakufa."

Alitegemea acheke. Lamjed akaweka mkoba wake chini. "Yanauma ukitazama kila kitu, au ukitazama kioo tu?"

"Kioo tu."

"Na ukipunguza mwanga?"

"Yanazidi."

"Aa," akasema Lamjed. "Njoo."

Beya akamfuata hadi kwenye meza yake mwenyewe, maana tangu Septemba hakuna aliyemwuliza maswali mawili mfululizo.

Lamjed akachukua penseli mezani, akaishika kwa ncha na kuipunga haraka haraka mbele ya dirisha. "Unaona nini?"

"Penseli. Kivuli cha penseli, kama upepeo."

"Sasa tazama hapa." Akaipunga mbele ya kioo. Upepeo ukavunjika. Zikaonekana penseli kumi, kumi na tano, kila moja peke yake, zimeachana kama meno ya kitana.

Beya akajishika kifua. "Kinafanya nini?"

"Kinawaka na kuzima. Mara mamia kwa sekunde. Wewe ukikiambia kipunguze mwanga, taa yake ya ndani haipungui nguvu, inazima tu muda mrefu zaidi kati ya kuwaka na kuwaka. Kadiri unavyopunguza, ndivyo giza linavyokuchapa makofi makali zaidi. Jicho halijui kwamba limepigwa, lakini linachoka."

"Kwa hiyo nilikuwa najipiga mwenyewe."

"Ulikuwa unatafuta nafuu, dada yangu. Kila mtu angefanya hivyo." Akatoa simu, akaisogeza karibu kabisa na kioo, akapiga picha ya video ya kwenda polepole, kisha akamwonyesha. Kijivu cha ukingo wa ukurasa, ambacho Beya alikiona kimetulia kama ukuta, kilikuwa kikitambaa. Nukta zilicheza, zikabadilishana, kama siafu kwenye nyama.

"Na hii?"

"Hii ni hila nyingine. Kijivu hicho kioo hakina. Kwa hiyo nukta moja inakuwa nyeupe kidogo, mara nyeusi kidogo, mara nyeupe, upesi upesi, ili wewe udhani umeona kijivu. Watu wengi hawahisi kitu, wataishi na kufa na vioo hivi. Wengine nusu saa inatosha kuwaumiza. Miili hailingani."

Wale wa dirishani walikuwa wameacha kupiga chapa, wanasikiliza.

Lamjed akaketi. Akapandisha mwanga wa kioo mpaka mwisho, kiasi kwamba taa ya ndani isizime tena. Akaukata ukali wake kwa karatasi ya plastiki ya rangi ya moshi, aliyoipima kwa rula na kuibandika juu ya kioo. Akaingia kwenye mipangilio, akaizima ile hila ya nukta, akauondoa ukingo wa kijivu na kuacha weupe mtupu. Akapunga penseli. Kikatokea kivuli kimoja, laini.

"Jaribu wiki moja. Kikikushinda, stoo kuna kimoja cha zamani, nitakutolea."

Hakikumshinda. Siku ya tatu msumari ulikuwa umetoka. Jumatatu alikula mkate wake wote, akapangusa harisa kwa kidole. Ilipofika Jumanne, katikati ya ukurasa, akiwa ameitazama saa ya ukutani bila sababu, akakumbuka kwamba Lamjed alianza kazi ile saa nne na kuimaliza saa tano: saa moja tu, ambayo Naziha hakupewa. Akasukuma kiti nyuma. Wenzake wakamwuliza kama macho yamerudi kuuma, akasema hapana, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Alimweleza Si Taufik yote, amesimama. Meneja alimsikiliza huku akizungusha kikombe cha kahawa juu ya kisahani.

"Sasa unataka nini?"

"Naziha arudishwe. Na faili lake lisafishwe."

"Kiti chake kimeshakaliwa. Na faili nilisafishe kwa kusema nini? Kwamba tulimfukuza mtu mwenye akili timamu, mgonjwa kweli, kwa maneno ya jirani yake?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Beya, binti wa watu, umebakiza miaka michache upumzike. Wewe umepona. Mshukuru Mungu, kaa kimya."

"Nitaiandika barua mwenyewe, nitie sahihi. Akitaka aipeleke kwa mkaguzi wa kazi."

Si Taufik akaacha kukizungusha kikombe. "Barua hiyo ikitoka nje ya mlango huu, usinilaumu mimi."

Jumamosi akapanda gari moshi la asubuhi kwenda kwa Naziha. Barua ilikuwa mkobani, chini ya pakiti ya lozi. Alikuwa ameiandika kwa mkono mara nne, na kila mara alipofika penye maneno "dakika kumi" mwandiko uliharibika.

Mtaani El Jem mwanamke aliyekuwa akianika zulia alimwonyesha karakana ambamo Naziha alifanya kazi. Naziha alikuwa ndani, kwenye meza ndefu, anapanga kwa kibanio vijiwe vya rangi vya mozaiki, picha ya mawe. Alikuwa amekonda, na kitambaa cha kichwa kilikuwa na vumbi jeupe la mawe. Alipomwona Beya hakushangaa wala hakusimama.

"Kaa," akasema, akamsogezea kigoda kwa mguu.

Beya akakaa. Akaanza na Lamjed, maana hakuwa na ujasiri wa kuanza na nafsi yake. Akaeleza penseli, akaeleza kuwaka na kuzima, akaeleza nukta zinazotambaa. Naziha alisikiliza bila kuacha kazi. Kijiwe, gundi, kijiwe.

"Kwa hiyo ilikuwa kweli," akasema mwishowe.

"Ilikuwa kweli."

"Kaka yangu alinipeleka kwa daktari wa akili." Alisema kama anayetaja duka alilopita. "Nilimeza vidonge miezi minne. Nikisema kioo kiliniumiza, wananiambia, basi mbona wenzako hawakuumia? Na mimi nikaanza kujiambia hivyo hivyo. Kweli, mbona Beya hakuumia? Beya ana macho kuliko sisi sote. Beya alikaa pale siku nzima." Akachagua kijiwe cha buluu, akakirudisha, akachagua kingine. "Kurekebisha kulichukua muda gani?"

Beya alitamani kusema siku mbili. "Saa moja."

Kibanio kikasimama hewani.

"Saa moja," Naziha akarudia polepole.

Mzee mwenye karakana, aliyekuwa pembeni akikata mawe kwa nyundo, akatazama upande wao, kisha akaendelea kukata.

"Naziha, mimi sikukaa siku nzima. Nilikaa..."

"Najua ulikaa kiasi gani. Nilikuwa nimekwenda kuosha uso tu, Beya. Mtu huosha uso siku nzima?"

Beya akainamisha kichwa. Akafungua mkoba, akatoa barua, akaiweka mezani mahali ambapo hapakuwa na gundi.

"Nimeandika kila kitu. Jina langu lipo, na nambari ya kitambulisho. Wakinifukuza, watanifukuza."

"Umekuja nikusamehe?"

"Nimekuja nikupe."

Naziha akapangusa vidole kwenye aproni, akaichukua barua, akaisogeza kwenye mwanga wa mlangoni. Alisoma kama walivyozoea kusoma kazini, kidole chini ya mstari, midomo ikicheza kidogo. Alipofika mahali fulani kidole kilisimama, kikakaa pale. Beya aliyajua maneno yaliyokuwa chini ya kidole hicho. Kisha kidole kikaendelea mpaka chini, na Naziha akaikunja barua mara mbili, akaiweka mfukoni mwa aproni bila kusema kama ataipeleka popote.

"Treni yako saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Basi nishikie upande huo. Huyu mzee mgongo unamuuma."

Wakalishika pamoja bapa la mozaiki lililokwisha kukauka, zito, wakalitoa hadi uani na kuliegemeza ukutani. Kwa juu lilikuwa la kijivu, limefunikwa na vumbi, ndege wa picha yake hawakutofautiana na majani. Naziha akachota maji kwenye pipa kwa kopo, akayamwaga kutoka juu, mara moja, kwa mkono mpana. Rangi zikatoka zote kwa pamoja, buluu, nyekundu ya matofali, kijani cha mzeituni mchanga, kila kijiwe mahali pake. Wanawake wawili wakasimama kulitazama, bega karibu na bega, bila kugusana. Jua la mchana lilikuwa kali. Maji yakaanza kukauka kutoka pembeni, na kijivu kikaanza kurudi taratibu, kuelekea kwenye ndege waliokuwa katikati.