Siku Kengele Iliponyamaza

Katika ofisi ya wachora ramani za majengo palikuwa na kengele ya shaba juu ya meza ya katibu. Kila mara Mkurugenzi alipotaka kuzungumza na mteja wa mbali kwa video, katibu aliitikisa, na watu arobaini wakaondoa mikono kwenye kompyuta, wakakaa kama wanafunzi walioadhibiwa. La sivyo, sura ya mteja iliganda mdomo wazi na mazungumzo yakafa.

Fundi wa mtandao, mama wa watoto watatu ambaye wenzake walimwita Mama Waya, aliichukia kengele ile kuliko jino bovu. Alikuwa ameajiriwa kwa majaribio ya miezi mitatu ili aikomeshe, na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho.

Wiki iliyotangulia alikuwa ameubana mtandao wa chumba kizima cha wachoraji. Video ikapona, ramani zikakwama.

"Ametibu jino kwa kukata kichwa!" Mchoraji Mkuu alitangaza, na ofisi nzima ikacheka.

Kicheko kile kilimfundisha. Aligundua kwamba alikuwa amewahukumu watu, ilhali mwenye kosa hakuwa mtu. Ramani moja kubwa ikisafiri hujitwalia njia yote, kama mtoto anayekunywa maji huku ameukumbatia mtungi. Basi asubuhi hii aliweka kanuni mpya katika mtambo unaogawa mtandao: kila mkondo wa data, uwe wa Mkurugenzi au wa mfagiaji, usizidi sehemu moja ya ishirini ya njia. Video ilitosheka na pungufu ya hapo. Ramani ingetembea taratibu, lakini haingesimama.

Saa nne kasoro dakika mbili, katibu aliinyanyua kengele.

"Dada, iache," Mama Waya alisema.

"Nikiiacha, bosi atanila mzimamzima!"

"Aanze na mimi. Mimi ndiye mwenye nyama."

Mchoraji Mkuu aligeuza kiti. "Natuma ramani ya ghorofa kumi na mbili sasa hivi. Usije ukanililia, mama."

"Tuma, kaka. Tuma na ya pili."

Akatuma zote mbili. Mama Waya aliikumbatia kengele kifuani, macho kwenye ukuta wa kioo wa chumba cha Mkurugenzi. Ndani, mteja alisema jambo. Mkurugenzi akacheka. Mteja naye akacheka papo hapo, meno yote nje, bila kuganda.

Baada ya dakika arobaini Mkurugenzi alitoka, akashangaa kuona watu wakichapa kazi.

"Katibu, mbona leo hukupiga kengele?"

"Nimenyang'anywa, bosi."

"Na ramani?"

Mchoraji Mkuu alikohoa. "Zimefika. Zote mbili."

Mkurugenzi alimgeukia fundi wake. "Mama Waya, majaribio yamekwisha. Wewe ni wa hapa."

Ndipo Mama Waya alipoitikisa kengele kwa nguvu zake zote. Kwa mazoea, mikono themanini ikaondoka kwenye kompyuta, na safari hii ikapiga makofi.